Namna ya Kufika Mlango wa Kuzimu wa Tainaro

Wengi wanaokwenda Rasi Tainaro, kusini kabisa mwa Ugiriki bara, hurudi bila kuuona mlango wa kuzimu, yaani pango ambalo Wagiriki wa kale walisema ni njia ya kushukia kwa wafu. Wanaegesha gari, wanauliza mnara wa taa uko wapi, wanatembea hadi kule, wanapiga picha, wanarudi kunywa kitu baridi na kuondoka. Pango lenyewe wameligeuzia mgongo. Naandika haya ili wewe ukifika usifanye hivyo, maana pango lile lina habari nzito kuliko mnara wowote, na habari yenyewe haitishi kama watu wanavyodhani.

Mimi ni mtu wa Pangani, naishi Athens, kazi yangu kutunza wazee majumbani. Bibi ninayemtunza ni mzaliwa wa Mani, ile rasi ya kati katika zile tatu zinazoning'inia chini ya Peloponnese, kile kipande kikubwa cha kusini mwa Ugiriki. Pasaka na Agosti familia yake hurudi kijijini kwao karibu na Gerolimenas, nami huenda nao. Kutoka pale hadi Tainaro si mbali kwa gari. Ndugu na marafiki wakija kunitembelea huwapeleka huko kabla hata ya kuwapeleka Akropoli, na maelezo ninayowapa wao ndiyo haya.

Hakikisha ndio mlango unaoutaka

Wagiriki wa kale waliamini roho za wafu hushuka chini ya ardhi, kwenye milki ya mungu Hades, ndugu yake Zeus mkuu wa miungu na Poseidon mungu wa bahari. Hermes, mjumbe wa miungu, huziongoza, mzee Charon huzivusha mto kwa nauli ya sarafu ndogo, na mbwa Cerberus mwenye vichwa vitatu hulinda ili aliyeingia asitoke. Hayo karibu kila mtu aliyakubali. Palipo na mlango ndipo waliposhindania, kwa hiyo milango iko mingi.

Kama uko Athens na una nusu siku tu, nenda Eleusis, kama kilomita 20 magharibi ya mji, basi la mjini linafika. Ndani ya eneo la magofu, kando ya njia takatifu, kuna pango la Pluto, ambaye ni Hades kwa jina jingine. Hapo ndipo palipohusishwa na Persephone, binti aliyetekwa na mfalme wa kuzimu, na mama yake Demeter aliyemlilia mpaka mimea ikakataa kuota.

Kama uko kaskazini-magharibi, Epirus, unao mto Acheron, na karibu na kijiji cha Mesopotamos magofu ambayo Sotirios Dakaris alianza kuyachimba mwaka 1958 akasema ndipo watu walipokwenda kuzungumza na wafu. Baadaye wataalamu wengine waliviangalia vyuma vilivyopatikana mle wakasema ni vipande vya mitambo ya kurushia mishale, na jengo ni nyumba ya shamba yenye ngome. Mabishano hayo hayaupunguzii mto uzuri wake. Panda hadi chemchemi za Glyki utembee ndani ya maji, ni baridi ya kukata miguu hata Julai.

Kulikuwa na mwingine Lerna, kwenye ziwa ambalo Kaisari Nero alijaribu kulipima kina kwa kamba ndefu zilizofungwa vipande vya madini ya risasi ili zizame, asifike chini. Na Hermione, ambako watu hawakuwatia wafu wao sarafu mdomoni kabisa, kwa sababu waliamini njia yao ya kuzimu ni ya mkato na haina nauli. Hiyo ya Hermione huwa inanifurahisha sana.

Lakini ukiniuliza mimi, nenda Tainaro. Ndipo shujaa Heracles alipomtoa Cerberus juani, ikiwa kazi yake ya mwisho kati ya zile kazi ngumu 12 alizopewa. Ndipo washairi wa Roma, Virgil na Ovid, walipompitisha mwimbaji Orpheus akishuka kumfuata mkewe Eurydice, na unajua yaliyompata: aliambiwa asigeuke nyuma mpaka watoke, akageuka, akampoteza. Na zaidi ya hadithi, Tainaro palikuja watu wa kweli, wenye shida za kweli. Hao nitawafikia.

Njia

Kutoka Athens hadi Areopoli, mji mkubwa wa Mani ya ndani, ni kama kilomita 280 hadi 300. Mabasi ya mikoani huondoka kituo cha Kifissos na kupitia Sparta na Gytheio. Kwa gari, shika barabara kuu ya Korintho na Tripoli, kisha teremka Sparta. Tenga saa nne na zaidi. Anayekuja na ndege kutoka nchi nyingine za Ulaya aangalie kwanza uwanja wa Kalamata, maana kutoka huko hadi Areopoli ni kama kilomita 80 hadi 90 tu, ingawa barabara inapinda sana mlimani.

Basi lisikudanganye kuwa litakufikisha rasini. Kuanzia Areopoli unahitaji gari, lako, la kukodi au la mtu. Kama leseni yako si ya Umoja wa Ulaya, ulizia masharti kabla ya kulipia gari, usije ukakataliwa dirishani. Areopoli jaza mafuta, toa fedha taslimu, nunua maji. Ukiwa na dakika kumi, simama uwanjani penye sanamu ya Petrobey Mavromichalis, kiongozi wa Mani wa zama zile za vita vya uhuru. Watu wa Mani watakukumbusha kwa fahari kwamba vita vya kuung'oa utawala wa Uturuki wao walivitangaza hapa tarehe 17 Machi 1821, kabla ya wengine.

Kutoka Areopoli hadi mwisho wa lami hazifiki kilomita 40, lakini hesabu saa nzima. Unapita Gerolimenas, bandari ndogo yenye samaki wazuri. Unafika Alika, hapo fuata kibao cha Vathia. Vathia ni kile kijiji cha minara ya mawe juu ya kilima, kila ukoo na mnara wake, waliyoijenga kwa kuogopana wao kwa wao, kwa sababu kisasi cha damu huku kilikwenda kizazi hadi kizazi. Baada ya Vathia njia inagawanyika, kushoto Porto Kagio, kulia Marmari na Tainaro. Shika kulia, usome vibao. Milima imekwanguka, miti hakuna, bahari inaonekana pande mbili. Lami inapokwisha kuna uwanja wa kuegesha magari na mkahawa. Umefika. Hakuna geti, hakuna tiketi, hakuna mlinzi.

Nenda Aprili na Mei, au mwisho wa Septemba na Oktoba. Agosti mimi huenda kwa kuwa ndipo familia inapokwenda, lakini huwa naondoka nyumbani alfajiri, maana baada ya saa nne asubuhi hakuna kivuli hata cha kuficha kichwa. Vaa viatu vilivyofunika vidole, vyenye soli nene, na suruali ndefu, kwani vichaka vya huku ni miiba mitupu. Beba maji mengi kuliko unavyodhani unahitaji. Upepo wa rasini huvua kofia, ifunge.

Maagizo ya mtu aliyekutangulia

Kabla hujashuka, nataka usikie mwongozo mwingine wa safari hii hii, ulioandikwa karne ya 2 B.K. na Mwafrika mwenzetu. Apuleius alizaliwa Madaura, mji ulio Algeria ya leo, na katika kisa chake cha Psyche anamtuma binti huyo kuzimu kumchukulia Venus, mungu wa kike wa mapenzi, kijaluba cha uzuri kwa malkia wa wafu. Psyche, kwa kukata tamaa, anapanda juu ya mnara ajirushe afe, ndiyo njia ya haraka ya kufika. Mnara unasema naye na kumpa maelezo ya kina: nenda upande wa Sparta, uitafute Tainaro iliyojificha mahali pasipo na njia, hapo pana tundu la kuzimu la kupumulia.

Kisha unamwambia abebe nini. Mikono yote miwili ishike mikate ya shayiri iliyokandwa kwa mvinyo wa asali, na mdomoni aweke sarafu mbili. Njiani atakutana na mchunga punda kiwete, na punda naye kiwete, kuni zimeanguka, atamwomba amwokotee: apite kimya. Mtoni Charon atachukua sarafu moja, kwa mkono wake mwenyewe, kutoka mdomoni mwa msafiri. Katikati ya maji maiti ya mzee itaelea ikinyoosha mikono iliyooza, ikiomba kupandishwa chomboni: asiiguse. Ng'ambo kuna vikongwe wanaofuma, watamwomba awasaidie kidogo tu: asiwasaidie, kwa sababu akishika kazi atadondosha mkate mmoja. Mkate wa kwanza ni wa mbwa wakati wa kwenda, wa pili wakati wa kurudi. Akiupoteza mmoja, juani harudi tena. Malkia atamkaribisha kiti laini na chakula kizuri: akae sakafuni, aombe mkate wa kawaida. Na kijaluba asikifungue.

Nimeyasoma maagizo hayo mara nyingi na bado yananishika. Kazi yangu mimi ni kunyoosha mkono kwa anayeomba, siku nzima, na huyu anamwambia binti awapite viwete na wazee. Lakini ukiyafuatilia utaona kila ombi limewekwa ili kumfanya afungue mikono. Aendaye kwa wafu akitaka kurudi hana budi ajue amebeba nini na kwa ajili ya nani. Psyche alishika yote isipokuwa la mwisho. Alikifungua kijaluba, akaanguka usingizi mzito barabarani, akaja kuokolewa na mumewe.

Kwa hiyo ukienda Tainaro nenda na kusudi moja tu kichwani. Usijaze safari yako na pwani tatu na vijiji vitano siku hiyo hiyo.

Pangoni

Ukishashuka garini, mnara wa taa usiuulizie kwanza. Tazama upande wa bahari utaona gofu la mawe juu ya kilima kifupi. Hilo ni kanisa la Asomati, la malaika wakuu, na ndilo alama yako. Likaribie ulitazame ukuta kwa makini. Chini utaona mawe makubwa, yaliyochongwa yakanyooka, yamekaa pamoja bila pengo. Juu yake kuna mawe madogo ya kuokota yaliyoshikizwa kwa udongo. Yale makubwa yalichukuliwa kwenye majengo ya kale ya hapa hapa, palipokuwa na patakatifu pa Poseidon. Ndani, mahali pa altare, wageni huacha vitu vyao, sarafu, makombe ya pwani, shanga, karatasi zilizokunjwa. Karatasi usizikunjue. Aliyeiweka hakukuandikia wewe.

Kutoka kanisani teremka hadi ghuba ndogo ya kokoto. Nyuma ya kokoto, mwamba umeingia ndani, na mbele yake kuna mabaki ya kuta, mistari ya mawe ya kuchongwa inayotokeza kati ya vichaka. Angalia sakafu ya mwamba kabla ya kukanyaga, kwani kuna vishimo vya pembe nne vilivyokatwa kwa patasi, vyenye kingo zilizonyooka bado. Humo ndimo zilimosimikwa nguzo za mawe na sanamu za nadhiri, na ukitia vidole utasikia alama za chuma cha fundi. Mimi kila nikienda hugusa kimoja. Sanamu zimekwenda zamani, vishimo vimebaki.

Mdomo wa pango ni mfupi. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na hapa utainama kwelikweli. Piga kishindo kabla ya kuingiza mguu, kwa sababu nyoka wapo Ugiriki na penye mawe na kivuli ndipo wanapopenda. Sisemi hilo kwa kukutisha. Hecataeus wa Mileto, aliyeishi zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, alishikilia kwamba yule mbwa wa Hades hakuwa mbwa, bali joka kali lililoishi Tainaro, likaitwa mbwa wa kuzimu kwa sababu aliyeumwa nalo alikufa hapo hapo kwa sumu.

Ndani utakuta nini? Mwamba, udongo, mavi ya mbuzi, na baada ya hatua chache, ukuta. Hakuna shimo linaloendelea. Pausanias, msafiri aliyezunguka Ugiriki karne ya 2 B.K. akaandika kila alichokiona, alisimama papo hapo akaandika vivyo hivyo: hekalu limefanana na pango, mbele yake sanamu ya Poseidon, na hakuna njia yoyote inayoshuka chini ya ardhi, wala si rahisi kusadiki kwamba miungu wana makao huko chini wanakokusanya roho. Basi usione umetapeliwa. Waliokuja zamani waliona ukuta huo huo unaouona wewe, na bado walikuja. Wenyeji wengine watakuelekeza pango jingine, la upande wa bahari, lisilofikika ila kwa chombo. Siku bahari imetulia, ukipata mvuvi wa Porto Kagio au Gerolimenas, nenda. Ila kwa maneno ya Pausanias, la nchi kavu ndilo lenyewe.

Kaa chini sasa. Hapa ndipo ninapowaambia wageni wangu wazime simu.

Waliokuja hapa

Kwanza walikuja watumwa. Sparta iliishi kwa jasho la watu walioitwa heloti, walioshikwa na ardhi yao wenyewe, wakalima ili mabwana wawe askari. Heloti aliyekimbilia patakatifu pa Poseidon hapa Tainaro alikuwa chini ya ulinzi wa mungu, hapaswi kuguswa. Mwanahistoria Mgiriki Thucydides anasimulia kwamba Wasparta waliwahi kuwainua heloti waliokuwa wakiomba hifadhi hapa, wakawatoa nje, wakawaua. Kisha, karibu na mwaka 464 K.K., tetemeko kubwa likaibomoa Sparta. Wasparta wenyewe walisema ni kwa ajili ya damu ile. Poseidon ndiye mwenye bahari na ndiye mtikisa ardhi.

Lakini kuna upande wa pili. Hapa Tainaro yamepatikana mawe yaliyoandikwa, ya karne ya 5 na ya 4 K.K., yenye matamko mafupi kwamba fulani amemtoa fulani kwa Poseidon. Yalikuwa hati za uhuru. Mtumwa aliyetolewa kwa mungu hakuwa tena mali ya mtu, na jina lake na majina ya mashahidi yalichongwa ili asije akarudishwa utumwani. Mimi nimezaliwa Pangani, mji ambao watu walifikishwa kamba shingoni kutoka bara wakapakiwa majahazini. Siwezi kuisoma habari ya mawe hayo kama mtalii. Mlango ambao dunia nzima inauita wa kifo, kwa watu wale ulikuwa mlango wa kutokea utumwani, na hilo ndilo nililotaka ulijue kuliko la mbwa mwenye vichwa vitatu.

Walikuja pia wenye damu mikononi. Mwandishi Mgiriki Plutarch anaeleza kisa cha mtu aliyemuua mshairi Archilochus vitani. Alipokwenda Delphi, kwenye hekalu la mungu Apollo, kuuliza neno, kuhani wa kike wa Apollo alimfukuza kwa kuwa amemuua mtumishi wa Muza, miungu wa kike wa ushairi. Akajitetea, vita ni vita, angeuawa yeye. Mwishoni akaambiwa aende Tainaro aipoze roho ya marehemu kwa tambiko na sadaka. Basi hapa palikuwa na utaratibu wa kuwaita wafu na kupatana nao. Tambiko lenyewe la hapa halijaachwa kwa maandishi, lakini jinsi mshairi Homer anavyomwonyesha shujaa wake Odysseus akiwaita wafu kwingineko inatupa picha: shimo la dhiraa moja huku na huku, likamiminiwa asali na maziwa, kisha mvinyo mtamu, kisha maji, unga mweupe wa shayiri juu, na baada ya dua damu ya kondoo, ili roho ziinywe zipate sauti. Kwetu pia kuna wanaojua maana ya kumwaga kitu chini kabla ya kusema na waliotangulia, hao hawatahitaji kuelezwa zaidi.

Na walikuja askari wasio na kazi. Baada ya Aleksanda Mkuu kuwaamuru maliwali wake wavunje majeshi yao ya kukodi, maelfu walikusanyika hapa rasini wakisubiri wa kuwaajiri, na mwaka 323 K.K. jemadari Leosthenes wa Athens akawachukua wapatao 8,000 kwenda kupigana na Makedonia, dola ya Aleksanda. Ukitembea utaona misingi ya nyumba iliyokatwa mwambani na matangi ya maji yaliyochimbwa kwenye mawe. Mahali pakavu kama hapa, tone la mvua liliwekwa.

Sasa mnara wa taa

Ukishatulia, nenda. Njia ni ya wazi, kama kilomita mbili, dakika 40 hivi bila haraka. Mwanzoni mwake, chini kabisa, utapita sakafu ya Kirumi ya vijiwe, duara lililozungukwa na mapambo ya mawimbi yanayofukuzana. Iko wazi juani, imezungushiwa mawe tu. Usiikanyage, na kijiwe kilicholegea usikitie mfukoni. Sheria ya Ugiriki kuhusu mambo ya kale ni kali, na hata bila sheria, vya hapa viacheni hapa.

Pausanias anataja pia chemchemi ya Tainaro iliyokuwa ikiwaonyesha watazamaji bandari na meli ndani ya maji yake, mpaka mwanamke mmoja alipofua humo nguo chafu, ikaacha kuonyesha milele. Mabaharia wangeitamani.

Mnara ulijengwa mwaka 1882 na Wafaransa. Mbele yake hakuna nchi kavu tena, ukielekeza uso kusini inayofuata ni Afrika, Libya. Meli kubwa hupita karibu mfululizo, na baharia yeyote wa kwetu aliyefanya kazi Mediterania anaijua rasi hii kwa jina la Matapan. Upande wa magharibi wa maji haya bahari inashuka zaidi ya mita 5,000, kina kikubwa kuliko vyote katika Mediterania. Na mwishoni mwa Machi 1941, kusini-magharibi mwa hapa, manowari za Uingereza na Australia zilipambana na za Italia. Usiku mmoja Italia ilipoteza manowari kubwa Zara, Fiume na Pola pamoja na manowari nyingine mbili ndogo, wakafa mabaharia wapatao 2,300. Wageni wangu wengi hukaa kimya wakisikia hilo wakiwa wamesimama pale pale, nami siwaharakishi.

Adabu na kurudi

Watu wa Mani wanaheshimu sana kifo. Kwa Kigiriki cha leo mauti bado yanaitwa Charos, jina la yule mvushaji, na wanawake wa Mani wanajulikana nchi nzima kwa nyimbo za maombolezo, mistari mifupi ya silabi nane wanayomtungia marehemu akiwa bado yuko ndani, maisha yake, ukoo wake, aliyemdhulumu. Bibi ninayemtunza anazijua nyingi. Akiziimba jikoni huziimba nusu sauti, na akiwa msibani sauti inakuwa nyingine kabisa. Usimwombe mama wa watu mkahawani akuimbie moja ili urekodi. Ukikuta msiba kijijini, punguza mwendo, zima redio, pita. Ukisalimia wazee kwanza, kama kwenu, utaona sura zinafunguka na pengine utaletewa kiti.

Kulala, chagua Gerolimenas au Porto Kagio kama unataka pango la Tainaro alfajiri, au Areopoli kama unataka vyumba vya bei tofauti. Kesho yake usikose mapango ya Diros, mwendo mfupi kusini ya Areopoli. Lile la Vlychada unapita kwa mtumbwi, zaidi ya kilomita moja ndani ya maji yaliyotulia, na ndani ni baridi, chukua sweta. Jirani yake ni pango la Alepotrypa, walimoishi na kuzikana watu tangu kama mwaka 6000 K.K. mpaka tetemeko lilipofunga mdomo wake karibu na mwaka 3200 K.K. Baadhi ya wachimbaji wanaona kumbukumbu ya pango hilo lililojaa wafu huenda ndiyo iliyozaa hadithi ya kuzimu ya upande huu. Hilo haliingiliki na wageni, ila vilivyotoka humo, mifupa, vyungu na vyombo, vimewekwa kwenye makumbusho hapo hapo Diros. Fika mapema wakati wa kiangazi, foleni ya mitumbwi huwa ndefu kufikia saa tano asubuhi, na dirisha la tiketi hufungwa kabla mapango hayajafungwa.